Shono la Mia Mbili Arobaini

Mti wa mia mbili na nne ulipiga mara arobaini na moja kwa dakika moja. Nilihesabu tena, maana nilihofia kwamba nimechanganya na mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Thelathini na tisa. Nikabandua sikio kwenye gome, nikalifuta kwa pindo la kanga, nikalibandika juu kidogo ya kibati cha namba. Arobaini na mbili.

"Mama, unahesabu au unasali?" Dokta Koku aliniita kutoka mtelemkoni. Alikuwa amekaa juu ya mzizi, mashine yake ya vipimo mapajani, viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi jekundu.

"Nahesabu."

"Basi hesabu huku unashuka. Mwenyekiti ameshapiga mbiu. Saa sita msumeno unaingia kazini, na bila neno lako hauwezi kuingia."

Hilo neno langu ndilo nililokuwa nikilikimbia tangu alfajiri.

Sikio ninalosema ni kikombe kidogo cha shaba, hakizidi kizibo cha soda, chenye waya unaoingia kwenye kisanduku kiunoni. Maji hayasukumwi kupanda mti, yanavutwa. Jua linakausha jani, jani linavuta tone lililo nyuma yake, tone hilo linavuta lenzake, hivyo hivyo hadi mzizini, na chumvichumvi za udongo zinapanda humo humo. Ni uzi wa maji mwembamba kuliko unywele, ndani ya mishipa ambayo shuleni tuliiita zailemu. Uzi ukivutwa kupita kiasi unakatika, hewa inaingia, na mshipa ule unabaki bomba tupu. Kukatika huko kuna sauti. Mtu hawezi kuisikia, shaba inaisikia: tk. Mti mzima wa afya hupiga mara mbili au tatu kwa dakika mchana wa jua. Arobaini ni mti unaokufa kwa kiu.

Mlolongo wetu wa Mghimbi una mikuyu mia tatu. Wa kwanza uko kwenye kilele cha Vuruma, ambako ukungu hulala mpaka saa tatu asubuhi, na majani ya mbegu hii mpya huunywa ukungu kama taulo na kuushusha shinani. Wa mia tatu uko Mghimbi Chini, mahali ambapo mvua ya maana ilinyesha mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili. Kati ya kila mti na mwenzake kuna shono. Ni kipande cha mti kilicho hai, kimekuzwa maabara, kimeshika mzizi wa huyu na mzizi wa yule, mishipa ya maji imekutana na ya maji, na ile ya chakula, floemu, inayopitisha sukari ya majani chini ya gome, imekutana na ya chakula. Bila sukari shono linaoza, bila maji linakauka. Mume wangu Mbonea ndiye aliyegundua namna ya kulifanya lishike pande zote mbili. Alifariki mwaka mmoja na miezi mitatu iliyopita, kwa homa ya siku nne. Vibati vyote mia tatu vina mwandiko wake. Saba yake ina kamstari katikati.

Na kwenye kila shono kuna kibano cha chuma cha kuzuia maji yasipite. Jua likizama mbiu inalia, kila kaya inafunga vibano vyake. Jua likichomoza mbiu inalia, wanafungua. Hiyo ndiyo Kanuni ya Mbonea. Katika kila msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kufanya kazi ya pamoja, huisema kwa sauti moja kabla jembe halijagusa udongo.

Nilishuka mbio nusu, kutembea nusu, nikibandika na kubandua. Mia mbili na kumi, thelathini na nane. Mia mbili ishirini na tano, arobaini na tano. Mia mbili arobaini, hamsini na mbili! Nikaruka shono, nikabandika kwenye mia mbili arobaini na moja.

Hakuna kitu.

Mia mbili arobaini na mbili, hakuna. Mia mbili na hamsini, hakuna.

"Umeona sasa?" Dokta Koku alikuwa amenifikia, anahema. "Sitini kamili, kuanzia hapa hadi mwisho. Mti ukiwa kimya kuna mambo mawili tu. Ama nyuzi zote ni nzima, ama zote zimeshakatika na hakuna ya kukatika tena. Sasa niambie wewe. Kiangazi cha namna hii, mkiani kabisa mwa mlolongo, koki za kwenye miti zimekauka tangu mwezi wa sita, boza la maji ya msaada linakuja kila Jumanne. Nyuzi nzima zitoke wapi?"

"Majani ni ya kijani, Dokta."

"Maua ya kwenye chupa nayo ni ya kijani wiki nzima, na yamekatwa."

Alisema bila ubaya. Alikuwa ametumwa na shirika kutoka mbali, na alitaka miti yetu ipone kama mimi. Hoja yake ilikuwa rahisi: mti uliokufa unavuta hewa, hewa inapanda shono kwa shono, ndiyo maana ya katikati inapiga hivi. Kata shono la mia mbili arobaini, miti mia mbili na arobaini inapona. Usikate, inakufa mia tatu.

Lakini Mghimbi Chini kuna kaya arobaini na mbili. Mlolongo ukikatwa juu yao wanahama.

Na sheria ya kijiji ni kwamba shono halikatwi mpaka msikilizaji asimame mbele ya watu aseme, "Umekufa." Msikilizaji ni mimi. Nilibandika sikio mara ya nne kwenye ule wa mia mbili arobaini na moja. Kimya cha mti mfu nakijua, ni kikavu kama kuweka sikio ukutani. Hiki kilikuwa kimya cha namna nyingine. Ila sikuweza kuapa.

*

"Wifi! Wifi, njoo huku kwanza!"

Nambike, dada yake Mbonea, alikuwa amesimama kwenye ua wake akinipungia mkono wenye unga. Nyumba yake iko hatua chache kutoka mti wa mia mbili na sitini. Yeye ndiye mwoka keki za harusi za tarafa nzima.

"Sina muda, wifi. Saa nne hii."

"Njoo, nakwambia. Ukikataa nitakuja kukuburuta mbele ya huyo dokta wako."

Nikaingia. Mezani palikuwa na keki ya ngazi tatu, nyeupe kama shuka mpya. Pembeni, masufuria sita, yameoshwa, yameinamishwa, yanachuruzika maji.

Niliyatazama yale masufuria. Boza linatoa ndoo mbili kwa kaya kwa wiki.

"Nambike, umeoshea nini hivi vyombo?"

Akafunga mlango. "Kabla hujasema lile neno huko," alisema, "kuna kitu uone." Akanishika mkono, akanipitisha jikoni hadi kwenye stoo, akafunua turubai. Matangi manne. Akagonga la kwanza kwa kifundo cha kidole, likaitika kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa.

"Kila nyumba huku chini ina hivi," alisema. "Usinitazame hivyo! Unanitazama kama mwalimu wa zamu."

"Maji yametoka wapi?"

"Yatatoka wapi? Kwenye miti. Hatufungi vibano, wifi. Tunaacha wazi, usiku koki zinadondoka, tunakinga. Mchana tunasema zimekauka. Na kweli zinakuwa zimekauka, tumeshakinga yote."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanua matanga ya kaka. Yeye ndiye alikuwa anashuka kukagua. Siku ya kwanza hakuja mtu, tukasahau kufunga. Siku ya pili..." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Siku ya pili hatukusahau."

Nikaketi juu ya gunia la unga. Kichwa changu kilikuwa kinakwenda kasi kuliko miguu ilivyokuwa ikienda asubuhi ile.

Miti inayofungwa kila jioni, kama kanuni inavyosema, inapiga hamsini. Miti isiyofungwa iko kimya.

"Rudia," nilimwambia. "Mwaka mzima hamjafunga hata siku moja?"

"Hata moja. Niue basi ukitaka."

Nilimkumbatia. Alidhani nimeshikwa na kichaa, mikono yake yenye unga ikabaki hewani.

"Nambike, sikiliza! Usiku jani halivuti. Jua halipo, jani limelala. Ndipo mzizi unapopata nafasi ya kusukuma maji polepole kuingia kwenye mishipa iliyokatika, hewa inabanwa, inayeyuka, uzi unaungwa. Usiku ndio mti unajitibu! Sasa sisi huko juu tunafanya nini? Tunaubana koo saa ile ile. Kila siku nyuzi zinakatika, kila usiku hakuna maji ya kuziunga. Miaka minane tangu mlolongo ushonwe! Miti ilipokuwa mifupi ilivumilia, sasa imerefuka."

"Kwa hiyo yetu haijafa."

"Yenu ndiyo mizima peke yake!"

Akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo mwenyewe. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanayozama mchangani.

"Wifi," alisema. "Kufunga jioni alitufundisha nani?"

Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kijiji lililokuwa likikusanya maji ya chemchemi kabla chemchemi hazijakauka. Kila jioni aliziba tundu la ndiva, usiku kucha bwawa likajaa, asubuhi akafungua, mashamba yakanywa kwa zamu. Mbonea alikulia ukingoni pale akishika tope la kuzibia. Alipounda mlolongo, akaufunga jioni. Nani angemuuliza? Sisi sote ni watoto wa ndiva. Tulisikia "funga usiku ijae" tukaona ni akili tupu. Lakini mti si bwawa.

"Ukisema," Nambike aliendelea, sauti ndogo, "sisi tutatolewa kwenye zamu ya maji miaka mitatu, maana tumeiba na kudanganya. Hilo tutalibeba. Ila na yeye... Watu wanaisema kanuni yake kwa pamoja kama sala. Utasimama useme mumeo ndiye aliyekuwa anaiua miti?"

Nilitoka stoo, nikaitazama tena ile keki nyeupe mezani. Nje, mbiu ya Mwenyekiti Mkiramweni ililia mara ya pili.

"Rangi ya keki unayo?" nikamuuliza.

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Yote uliyo nayo."

*

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za shono la mia mbili arobaini, wa juu upande wa juu, wa chini upande wa chini, kama timu mbili. Mwenyekiti Mkiramweni alikuwa katikati, pembe ya mbiu imening'inia kifuani. Kijana wa msumeno alikuwa akijaza mafuta.

"Shemeji," Mkiramweni alisema. Alikuwa rafiki wa Mbonea tangu darasa la kwanza, hajawahi kuniita kwa jina. "Tunakungoja. Sema neno tumalize, jua ni kali."

"Haijafa," nilisema.

Upande wa chini wakashangilia. Upande wa juu wakaguna.

"Una uhakika gani?" aliuliza Dokta Koku.

Nilimtazama Nambike. Alikuwa amebeba chupa zake za rangi kifuani kama mtoto. Akafumba macho, akafumbua, akapiga hatua mbele.

"Kwa sababu hatufungi vibano," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Mwaka na miezi mitatu. Tumekinga maji usiku, tumewadanganya, tumekunywa na ya boza juu yake. Haya, nimesema. Atakayenitukana akumbuke kwanza kwamba keki ya harusi ya binti yake imeokwa kwa maji hayo hayo."

Kelele zilizozuka hapo siwezi kuziandika. "Wezi!" "Wezi mkiwa ninyi mnaokaa kwenye ukungu!" "Sisi tunapanga foleni alfajiri, ninyi mnaogea!" Mama mmoja wa juu alivua kiatu. Mkiramweni akapuliza pembe hadi mishipa ya shingo ikasimama, wakanyamaza.

"Kumbe kanuni imevunjwa," alisema. "Ndiyo maana miti inakufa. Wamevunja kanuni ya Mbonea."

Pale pale ningeweza kunyamaza. Ningesema miti ya chini ni mizima, wangeacha kukata, jina la mume wangu lingebaki safi. Lakini jioni ile ile mbiu ingelia, kaya zote zingefunga, za chini kwanza kwa adhabu, na baada ya mwaka ningekuwa nabandika sikio kwenye miti mia tatu iliyo kama ukuta.

"Miti inayokufa ni ile iliyotii," nilisema. "Kanuni ndiyo mbaya. Mbonea alikosea."

Watu wote waligeuka kumtazama Mkiramweni, naye akashusha macho. Ingekuwa afadhali wangenipigia kelele.

Dokta Koku alikuwa ameshaanza kubonyeza mashine yake, midomo inacheza. "Inawezekana," alinong'ona. Kisha kwa nguvu: "Inawezekana kabisa! Lakini maneno si kipimo. Nionyeshe maji yanapita."

"Ingiza rangi hii kwenye shono," nikamwambia, nikachukua chupa kwa Nambike. "Kidato cha pili tuliweka ua jeupe kwenye glasi ya rangi. Kama mishipa ni mizima, nyekundu itatembea. Kama imekufa, haitavuka hata mti mmoja."

Dokta Koku akacheka kwa furaha kama msichana. Alitoa begini mwake mfuko wa dripu, ule ule wa hospitali, akamimina rangi yote na maji, akachoma sindano ndefu kwenye shono.

"Mti unawekewa dripu!" mtu akasema. "Na keki utazaa lini?"

"Nawapa mpaka saa nane," Mkiramweni alisema, hakunitazama. "Kijana, msumeno ubaki hapo hapo."

*

Ilikuwa saa nne na nusu. Jua lilikuwa linachoma, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilifurahi linachoma. Mbegu hii ina mishipa mipana, na kwenye jua kali maji hukimbia ndani yake mita moja kwa dakika. Miti imepandwa mita tatu tatu. Nikakata kijiti kidogo cha mti wa mia mbili arobaini na moja, nikaangalia kidonda. Cheupe. Dakika moja. Nikakata kingine. Cheupe. Dakika mbili. Jasho liliniingia machoni.

Cha tano kilikuwa na nukta nyekundu, zimepangwa duara, ndogo kama vichwa vya sindano.

"Imevuka!" nilipiga kelele, nikakiinua juu.

Watu wa chini wakakimbilia mti wa pili. Wa tatu. Mwanzoni ni wao tu waliokimbia. Kufika wa kumi, watoto wa juu nao walikuwa wamejichanganya, na kufika wa kumi na tano nilimwona yule mama aliyevua kiatu akikimbia na kiatu mkononi. "Mia mbili hamsini na sita, tayari!" "Kata kile cha juu, hicho kimekauka!" "Usikate matawi manene, utaumaliza mti, wewe!" Wazee waliuliza, "Iko wapi sasa?" wakaonyeshwa, wakasema, "Uongo," wakaonyeshwa kijiti, wakakishika kama noti ya kuhakiki. Dokta Koku aliacha mashine chini ya mti na hakukumbuka kuirudia.

Kwenye mti wa mia mbili sabini na moja ikasimama.

Tulikata kijiti cha mti uliofuata, cheupe. Tukangoja, cheupe. Dakika kumi, ishirini. Watu wakaanza kukaa chini. Saa sita na dakika ishirini. Sauti ya msumeno ikasikika kutoka juu, kijana anaujaribu.

"Labda ya mbele ndiyo iliyokufa," alisema mtu wa juu, bila kejeli, kwa huzuni hasa.

Nilibandika sikio. Kimya kile kile chenye uhai. Nikapiga magoti, nikajaribu kufikiri, na nikagundua kwamba sina kivuli. Nikainua kichwa. Wingu. Wingu moja kubwa la kijivu, la kijinga, lisilo na mvua hata tone, lilikuwa limekaa juu ya jua kama kifuniko.

"Jua!" nilisema. "Jani halivuti bila jua! Haijafa, imepumzika!"

Sijawahi kuona watu wa nchi ya ukame wakilifukuza wingu. Walisimama wote, wa juu na wa chini, wakalipungia vitenge na kofia. "Toka! Nenda zako! Siku tulizokutaka hukuja!" Nambike alilitukana tusi ambalo silirudii. Mkiramweni mwenyewe, saa mkononi, alikuwa amekunja uso akilitazama, na nilimwona akipuliza hewa mdomoni, taratibu, kana kwamba anaweza kulisukuma.

Likasogea. Jua likatushukia mabegani kama maji ya moto. Dakika sita baadaye kijiti cha mia mbili sabini na mbili kilikuwa chekundu.

Baada ya hapo hakuna aliyetembea. Saa nane kasoro dakika tano tulifika wa mia tatu, tumejazana kuzunguka koki ya mwisho, nusu ya kijiji imepanda kwenye mawe ili ione. Nambike akaweka bakuli lake jeupe la kukorogea. Koki ikatoa pumzi. Ikatoa tone. Lilikuwa la waridi.

Siwezi kueleza kelele zile. Nilijikuta nimebebwa na yule mama wa kiatu.

*

Vibano vyote viliachwa wazi kwa kura ya mikono. Dokta Koku akaeleza kwamba miti ya katikati itahitaji kujinywea yenyewe wiki tatu, na kwa muda huo koki za juu hazitatoa kitu. Watu wa juu wakatazamana.

"Tuna matangi," alisema Nambike. "Mtakuja na ndoo. Mkishakunywa wiki tatu ndipo mtupe adhabu."

"Adhabu iko pale pale," alisema Mkiramweni, lakini alicheka.

Kisha akanivuta pembeni, karibu na kibanda cha redio ya mawasiliano. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

"Shemeji. Nimewaza. Tutaandika kwamba vibano vilikuwa na kutu, vinaumiza miti, tumeviacha wazi. Watu wetu nitawaambia wanyamaze, watanyamaza. Yule alikuwa ndugu yangu. Kwa nini alale na aibu hii?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Jina lake lilikuwa ndicho kitu cha mwisho chake ambacho watu walikuwa bado wanakitumia kila siku.

Dokta Koku alikuwa mlangoni, amesikia. "Mama," alisema polepole, "kuna milolongo mingine tisa. Yote alishona yeye, yote inatumia kanuni yake. Mkisema kutu, wataagiza vibano vipya."

"Na watavifunga," nilisema.

"Jua linazama saa kumi na mbili na robo," alisema Dokta Koku.

Niliingia kibandani, nikashika kipaza sauti. Mkiramweni aliingia nyuma yangu. Nilidhani anakuja kunizuia, akavuta kiti, akanipa nikae.

"Wasikilizaji wa milolongo yote," nilisema. "Hapa ni Naelijwa, Mghimbi, mke wa Mbonea. Leo msifunge vibano. Aliyetufundisha kufunga alikosea. Usiku ndio mti unaunga nyuzi zake, nasi tunauzuia. Tumepima leo kwa rangi, tumeona kwa macho. Msifunge."

Redio ikakoroma. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kijana wa mlolongo wa Kwezinga. "Mama, alikosea Mbonea yupi? Huku tuna Mbonea fundi baiskeli."

"Mbonea wangu. Aliyewashonea miti."

"Duh." Kisha, mbali na kipaza sauti: "Simamisha mbiu! Simamisha, nasema!"

Wakaitika mmoja mmoja. Wa tatu waliuliza maswali mengi, Dokta Koku akayajibu akiwa ameinama juu ya bega langu. Wa sita walikuwa wameshafunga ishirini, nikasikia vijana wakitumwa mbio. Kufikia saa kumi na mbili na dakika kumi walikuwa wameitika wanane.

Wa tisa alikuwa Mzee Sekiete wa Mlima Nyuma, aliyefunga vibano kabla ya mtu yeyote mwingine nje ya Mghimbi.

"Nimekusikia tangu mwanzo," alisema. "Sitaki. Huku tumeshafunga. Yule kijana alinishika mkono huu kunionyesha namna ya kufunga. Hakukosea kitu."

"Na mimi alinishika mkono, baba," nilisema. "Mengi alipatia. Hili alikosea. Angekuwepo leo angeona ile rangi inavuka, asingengoja redio, angekuja kwako kwa miguu kukwambia mwenyewe."

Redio ilikoroma peke yake. Dirishani jua lilikuwa limebaki nusu.

"Angekimbia," alisema Mzee Sekiete. "Yule hakujua kutembea."

"Angekimbia, baba."

Nikasikia hatua zake kwenye changarawe, kisha, karibu kabisa na redio yake, chuma cha kibano kikilegezwa.